Sarveya wa bima anakuja kukagua duka langu, anatafuta nini hasa?

Swali nililopata, nimelifupisha kidogo: "Nina duka la mapazia na shuka hapa Nairobi, mtaa wa Umoja, upande wa Mutindwa, huko nyuma nimeweka cherehani mbili na fundi ananishonea hapo hapo. Broka ameniambia kampuni itatuma sarveya kabla wanipe kava ya moto na wizi. Mi nilidhani nalipa ndio wanilipe nikipata hasara, sasa wanakuja kuchungulia stoki yangu ya nini? Na hii maneno ati bima inasaidia kuzuia wizi na moto, ni ukweli ama ni ya kuuzia watu? Pesa si nyingi, wakinipa orodha ya vitu nianze na gani? Na vijana wakiandamana wavunje duka, hiyo iko ndani? Nyumbani nimepanga Donholm, huko pia nataka kujua."

Dadangu, ni ukweli, lakini si kwa sababu wanakupenda. Fanya hesabu hivi. Tuseme stoki yako ni ya milioni mbili na unalipa elfu kumi na tano kwa mwaka, sijui bei watakayokupa wewe lakini tuseme tu. Duka likiungua lote mwaka wa kwanza kampuni itahitaji premiamu yako ya zaidi ya miaka 130 ndio irudishe hiyo pesa. Kwa hivyo kumtuma mtu aje saa moja akuambie toa pasi hapo, weka ukuta pale, kwao ni rahisi sana kuliko kukulipa, na wewe ukimsikiza unapata mtaalamu bila kulipa ada yake. Mi nimekaa upande huo wa ukaguzi na ninachoona kila siku ni wenye maduka kumpeleka sarveya haraka haraka kama askari wa kanjo ndio aende, badala ya kumkalisha chini wamuulize maswali.

Na si kitu kimeanza jana. Kule Marekani, jimbo la Rhode Island, kulikuwa na mwenye kiwanda cha nguo anaitwa Zachariah Allen, yeye alirekebisha kiwanda chake kisishike moto ovyo, akaenda kwa watu wa bima akaomba wampunguzie, wakakataa, wakamwambia kiwanda ni kiwanda, wote mnalipa bei moja. Mwaka wa 1835 akakusanya wenye viwanda wenzake wakaanzisha bima yao wenyewe, ambayo ukitaka kuingia lazima wakague kwako kwanza. Huko London nako makampuni ya bima yalikuwa na vikosi vyao vya kuzima moto, 1833 wakaviunganisha vikawa kikosi kimoja, na serikali ilikuja kuchukua hiyo kazi rasmi 1866. Hata ile alama ya UL unayoona nyuma ya chaja na vifaa vya stima, ilianza Chicago 1894, kijana mmoja fundi wa umeme William Henry Merrill alikuwa ametumwa kukagua nyaya za stima za maonyesho makubwa ya 1893 kwa sababu watu wa bima waliogopa, baadaye akafungua maabara ya kupima vifaa. Kwa hivyo kuzuia moto na kuuza bima vimekaa pamoja tangu zamani, sisi hapa ndio tunajua tu upande wa kulipa na kulipwa.

Sasa sarveya akifika kwako ataangalia nini. Wengi wanafikiri ataanza na kufuli. Mi nikifika kwa duka za kupangana kama hizo za Umoja kitu cha kwanza naangalia juu. Ukuta wa kati yako na jirani umefika mpaka kwa paa ama umeishia kwa silingi? Mara nyingi mwenye ploti amejenga ukuta ukaishia hapo kwa silingi bodi, juu ni uwazi mmoja kutoka duka la kwanza mpaka la mwisho, halafu mabati. Hapo mwizi anakodi ama anavunja ile duka dhaifu kuliko zote kwa hiyo laini, kinyozi mwenye kufuli moja ya mia mbili, anapanda silingi, anatembea huko juu pole pole anateremka kwako, na shata yako ya chuma huko mbele haijaguswa. Moto nao unapita njia hiyo hiyo, tena unakimbia kuliko mwizi, unaanza kwa mtu wa chipo duka la tano na dakika chache uko juu ya vitambaa vyako. Hilo pengo ukiliziba kwa mawe na simiti mpaka kwa mabati umezuia vitu viwili kwa mara moja, hakuna kamera inaeza kukufanyia hivyo. Ongea na mwenye ploti, mwambie ni sharti la bima, saa zingine wanasikia vizuri likitoka kwa kampuni kuliko likitoka kwako, ndio maana nasema hiyo ripoti ya sarveya iombe, uwe na kopi, ni silaha ya kuongea na landilodi.

Atauliza pia majirani ni nani. Usifiche. Kuna mtu wa kuchomelea vyuma? Kuna anayeuza gesi? Kibanda cha chipo na mafuta yanachemka kutwa nzima? Rangi na thina? Wewe unaeza kuwa msafi kabisa na moto ukuje na wengine. Soko la Gikomba tumeona moto mara ngapi, ule wa Juni 2018 uliua watu 15, na kila mara ni mabanda yamebanana, vitambaa na mbao, na gari la zimamoto halina pa kupitia. Angalia na wewe pale kwenu, gari kubwa linaeza kufika mbele ya duka ama vibanda vimefunga njia? Hilo huwezi kulitatua peke yako lakini wenye duka wa laini yote mkiamua mnaeza, na hiyo ni kazi nzuri ya chama kuliko kuchangia mahema.

Tuingie kwa wizi. Kitu kimoja wengi hawajui mpaka siku ya kleimu ni kwamba kava ya wizi wa kuvunja inataka kuwe kumevunjwa, yaani alama za nguvu za kuingia ama kutoka, kufuli limekatwa, mabati yameng'olewa, ukuta umetobolewa. Mteja akikupitia na shuka mchana, hiyo haimo. Fundi wako akiondoka na rola ya pazia, haimo pia, hiyo ni kava ingine kabisa ya uaminifu wa wafanyakazi. Mtu akifungua na funguo ambayo alichonga Jumamosi ukiwa umeenda kula, utalia sana hapo. Kwa hivyo funguo ndio kitu cha kwanza, si kamera. Nani ana funguo? Ile ya akiba iko wapi? Fundi wa zamani uliyemfuta alirudisha, na hata kama alirudisha, ulibadilisha kufuli? Kubadilisha kufuli ni pesa kidogo kuliko chochote kingine nitakachotaja hapa.

Shata iwe na kufuli pande zote mbili chini, na zile za kufunikwa ambazo mkono wa boltikata hauwezi kushika, si zile za kuning'inia. Nyuma, kama kuna mlango wa mbao wa kwenda kwa choo cha ploti, hapo ndio wataingilia, weka mlango wa chuma ama grili ya ndani. Taa ya nje iwake usiku kucha mbele na nyuma. Droo ya pesa iache wazi na tupu usiku, iwe inaonekana hata kutoka nje, kwa sababu droo ikiwa imefungwa wataivunja hata kama haina kitu, na floti ya M-Pesa isilale dukani kwa noti.

Kuhusu CCTV mi nina maoni yangu. Watu wanaipenda sana kwa sababu inaonekana, lakini kamera haizuii mtu aliyeziba uso, inakupa tu filamu ya kutazama ukilia, na mara nyingi ile mashine ya kurekodi imewekwa hapo juu ya kaunta na wezi wanaibeba pamoja na stoki. Kama unaweka, irekodi kwa intaneti ama uifiche mahali pa kufungwa. Kati ya kamera na alamu, ukiwa na pesa ya kimoja tu chagua alamu, ile iko na betri yake ya kushika stima ikipotea, na imeunganishwa kwa kampuni ya ulinzi inayotuma gari. Alamu ya kupiga kelele peke yake Umoja saa nane usiku, majirani watageuka tu upande wa pili walale.

Soja wa usiku pia anahesabika, lakini kampuni itauliza ni wa nani, anafanya saa ngapi mpaka saa ngapi, na nani anamcheki. Kama mnachanga laini yote kulipa mzee mmoja, andikisheni, tafuteni kampuni iliyosajiliwa na mamlaka ya ulinzi binafsi, sheria yake ni ya 2016. Na mpeni nambari za simu, tochi na mahali pa kukaa ambapo anaona shata zote, si pale kona kwa moto wa kuni anaota.

Hapa sasa ndio pahali pa hatari na naomba usome polepole. Yale yote utakayomwambia sarveya, ati nina alamu, nina soja, nafunga pasi kila jioni, yanaandikwa kwa mkataba yakiwa masharti, wanayaita waranti. Ukisema alamu itawashwa kila usiku, basi usiku ule hukuiwasha kwa sababu betri ilikufa na fundi alisema atakuja kesho, ndio kampuni inaeza kukataa kulipa. Sijasema watakataa kila saa, lakini wana haki ya kujaribu na utakuwa unabishana ukiwa huna duka. Kwa hivyo usiahidi kitu cha kufurahisha sarveya. Kama soja hafanyi Jumapili, sema hafanyi Jumapili. Ni bora uongezwe premiamu kidogo kuliko kuwa na sharti ambalo maisha yako hayawezi kulitimiza. Na yale uliyokubali, yabandike kwa ukuta nyuma ya kaunta kwa Kiswahili cha kawaida ili fundi na msichana wa duka wayajue, kwa sababu wao ndio wanafunga, si wewe.

Haya, moto. Duka la mapazia na cherehani ni chakula cha moto, polyesta, sponji za mito, vipande vya vitambaa chini ya meza, halafu pasi. Sponji hasa, zikishika zinawaka haraka mno na moshi wake una sumu, kaboni monoksaidi na sianidi, watu huanguka kwa moshi kabla moto haujawafikia. Kwa hivyo sponji na mito viweke mbali kabisa na pasi na soketi, na vipande vya kushona visilale dukani, kila jioni viende nje kwa mfuko. Hilo ni sharti utalikuta kwa mikataba mingi na ni la bure.

Stima ndio mshukiwa wangu wa kwanza kwa duka kama lako. Pasi moja ya mvuke inaeza kula wati 2,000. Soketi ya kawaida ya 13A kwa stima yetu ya volti 240 inabeba karibu wati 3,100 peke yake. Sasa wewe umeweka ekstensheni moja, imechomekwa pasi mbili, cherehani mbili, chaja za simu na feni, na waya wenyewe umezungushwa kama chapati chini ya meza ya kukatia. Waya uliozungushwa hauna pa kutolea joto, unapika ndani ya plastiki yake pole pole wiki baada ya wiki mpaka siku moja. Soketi ikiwa na rangi ya kahawia ama inanuka kama samaki wa kuungua, hiyo inaomba msaada. Ita fundi aliye na leseni ya EPRA, ile mamlaka ya serikali ya stima na mafuta, si yule wa mtaa anayeunga waya kwa meno, akuwekee soketi mbili zaidi kwa waya wake kutoka kwa breka, na aweke ile breka ya kukata stima ikivuja. Halafu akutenganishie laini, alamu na kamera zikae kwa laini yao, vingine vyote viwe kwa swichi moja unayozima ukifunga. Stima ikipotea mkiwa kazini zimeni pasi hapo hapo, ju inarudi usiku mkiwa mmelala na pasi iko juu ya pazia la mtu. Hiyo nimeiona kwa ripoti nyingi sana kuliko wizi wa kutumia bunduki.

Mtungi wa kuzima moto, chukua wa poda wa kilo 6 ama 9, utundike karibu na mlango wa kutokea, si ndani kabisa pale moto unaeza kukutenganisha nao. Uwe na karatasi ya kuserviwa kila mwaka na mshale uko kwa kijani. Lakini mwenye duka wangapi wamewahi kuushika? Mtungi wa hivyo unaisha haraka, haufiki hata nusu dakika, kwa hivyo ukimwaga kwa ndimi za juu umekwisha na moto uko. Toa pini, lenga chini kabisa moto unapoanzia, bana, pepeta upande kwa upande. Mwambie yule anayekuservia, siku atakapokuja kuujaza upya, kabla autoe poda ile ya zamani afundishe fundi wako nao nje kwa uwanja. Ni bure na hakuna atakayesahau. Kampuni nyingi hupunguza bei kidogo ukiwa na mitungi iliyoserviwa, uliza, usingoje waseme.

Na kwa sababu una fundi ameajiriwa hapo, jua kuna kanuni za serikali za 2007 za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi, zinataka ukaguzi wa usalama wa moto angalau mara moja kwa miezi 12 na mazoezi ya kutoka nje angalau mara moja kwa mwaka. Zimamoto wa kaunti nao wana karatasi yao ukichukua leseni ya biashara. Sarveya ataziuliza hizo, na kama huna hatakushtaki kwa serikali, lakini ataandika.

Kitu ambacho sipendi kwa hii kazi yetu, na nakisema wazi, ni kwamba idara ya wizi na idara ya moto saa zingine haziongei. Mmoja anakuambia weka grili kila mahali, ongeza komeo, funga mlango wa nyuma kabisa. Mwingine anakuambia watu wapate njia mbili za kutoka. Ukimsikiza wa kwanza peke yake unajenga jela. Ule moto wa supamaketi ya Nakumatt Downtown, Januari 2009, zaidi ya watu 20 walikufa hapo katikati ya jiji, na manusura walieleza habari za milango kufungwa. Kwa hivyo sheria yangu ni moja, mchana mkiwa ndani hakuna mlango wa nyuma unafungwa kwa kufuli, unafungwa kwa komeo la ndani ambalo mkono mmoja unalisukuma gizani. Kufuli ni ya usiku mkishatoka. Na fundi asilale dukani, hata kama anasema anachunga mali, hata kama kodi imemlemea. Shata imefungwa kwa nje na mtu ndani, hiyo sitakubali hata kwa bei gani.

Uliuliza uanze na gani kama pesa ni kidogo. Wiki hii, bila pesa, ondoa vipande na sponji karibu na pasi, nyoosha hiyo waya, hesabu funguo, acha droo wazi. Mwezi huu kufuli mpya na mtungi na fundi wa stima, hapo kwa stima usibane mkono. Ukuta wa juu ongea na landilodi sasa kwa sababu atachukua muda. Alamu baadaye. Kamera mwisho kabisa, ama uache. Na sarveya akikupa orodha ndefu muulize ni gani lazima kabla ya kava na ni gani ni ushauri tu wa siku tisini ama miezi sita, kwa sababu huwa ziko aina mbili na kwa karatasi zinafanana, halafu ukimaliza kitu piga picha umtumie broka kwa imeili, si kwa simu, uwe na ushahidi.

Thamani ya stoki sema ukweli. Ukiwa na mali ya milioni mbili ukasema ni milioni moja ndio premiamu ishuke, siku moto ukikula ya laki nne watakulipa laki mbili, na bado watoe eksesi, yaani kile kiasi cha kwanza cha hasara unachobeba mwenyewe, kwa sababu ulibeba nusu ya hatari mwenyewe. Vitabu vya stoki na risiti za Eastleigh zisikae dukani tu, piga picha kila mwezi zikae kwa simu na kwa imeili, kitabu kikiungua na duka utathibitisha na nini?

Nyumbani Donholm ni rahisi zaidi. Jengo ni la mwenye nyumba, alikatie bima yeye, wewe unakatia vitu vyako vya ndani, na kuna kipande cha simu na laptopu unazotembea nazo, na kipande cha dada wa kazi akiumia, uliza hivyo viwili. Wataangalia mlango wa mbele, grili, na kama nyumba inakaa tupu. Hapo kwa tupu soma vizuri, mikataba mingi inasema ukiacha nyumba bila mtu zaidi ya siku fulani, mara nyingi 30, kava ya wizi inasimama mpaka urudi, sasa wewe unaenda ushago Desemba mpaka shule zifunguliwe na hukumwambia mtu. Mpigie broka kabla hujapanda basi.

Gesi jikoni funga pale kwa regyuleta kila usiku, si kwa jiko peke yake. Mpira ukianza kupasuka pasuka ama kuwa mgumu badilisha, na ukibadilisha mtungi paka maji ya sabuni kwa maungio uangalie mapovu, usiangalie na kiberiti kama wengine. Hiyo gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kukaa, kwa hivyo ukisikia harufu usiwashe wala usizime swichi yoyote, funga mtungi, fungua madirisha na milango, toeni watu. Mafuta ya kukaangia yakishika moto zima jiko, funika na kifuniko ama sufuria kubwa, maji usithubutu, yanarusha moto mpaka kwa silingi. Na zile grili za madirisha, angalau moja ya chumba cha kulala iwe ya kufunguka, funguo yake iwe kwa msumari ambapo mtoto wa miaka kumi anaifikia na mtu wa nje haifikii. Ile alamu ndogo ya moshi ya betri ni bei ya chakula cha jioni cha familia mahali pazuri, iweke kwa korido ya vyumba, si jikoni itakusumbua kila ukikaanga vitunguu mpaka utoe betri.

Kuna watakaokuambia tafuta kampuni isiyokagua, utapata, kwa duka ndogo wengi wanatumia fomu tu. Jua basi hiyo fomu ndio ukaguzi, na aliyeijaza ni wewe. Usimwachie ajenti aitiki akiwa kwa matatu halafu akuletee usaini. Swali "ukuta ni wa mawe mpaka juu?" akijibu ndio na si kweli, uongo ni wako. Pesa lipa kwa kampuni yenyewe, si kwa namba ya ajenti, ju sheria yetu inasema hakuna kava kabla premiamu ilipwe, na jina la kampuni na la broka liangalie kwa orodha ya mwaka huu ya IRA, ile mamlaka inayosimamia bima.

Maandamano sasa. Jibu ni hapana, isipokuwa umenunua. Kava ya kawaida ya moto na ya wizi huwa imetoa ghasia za kisiasa nje, na wafanyabiashara wengi walilijua hilo kwa uchungu baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 na 2008. Kuna nyongeza yake inaitwa PVT, ya vurugu za kisiasa na ugaidi. Mwulize broka maneno haya hasa, uporaji wakati wa maandamano uko ndani ama ni kuharibu na kuchoma peke yake? Kwa sababu Juni 25, 2025 hapa katikati ya jiji waliovunjiwa wengi hawakuchomewa, walibebewa, rafu zikabaki tupu. Ukiipata, siku za aina hiyo bado utatakiwa kufanya ya kawaida, kufunga mapema, kutoa mapazia ya bei kwa dirisha, kupiga picha stoki asubuhi. Na inunue sasa kukiwa kimya, usingoje bango la maandamano litoke, hapo bei inapanda ama wanakuambia hawachukui mpya mpaka mambo yatulie.